MBOLEA YA RUZUKU: TUSIUZE NAMBA ZETU

Ndugu wanachama, haya ndiyo tuliyosema kwenye mkutano wa tawi leo.

Vita ya Urusi na Ukraine iko mbali, lakini imefika mashambani kwetu. Urusi ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, na bei zilizoanza kupanda mwaka 2021 zikazidi kupaa. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ulivuka shilingi 120,000. Mwaka 2022 Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 za ruzuku. Rais Samia alipozindua mpango huo Mbeya, Agosti 8, 2022, mfuko huo ulishuka hadi shilingi 70,000.

Ruzuku ni ya mkulima aliyesajiliwa. Anayemuuzia mlanguzi namba yake anauza mahindi yake kabla hayajaota. Viongozi wa mashina, wapelekeni wazee ofisi ya kijiji wakajisajili, na msiwaulize kadi ya chama. Njaa haina chama. Wakala akizidisha bei, tudai risiti na tumripoti.

Tujisajili sasa, mvua haitusubiri.


Kamati ya Tawi