Shokomzoba za Pikapu na Namna ya Kuzichagua



Katika nchi ya Kenya pikapu ni mtumishi wa watu wengi. Ndiyo ichukuayo viazi na kabichi kutoka Kinangop, miraa kutoka Meru, maziwa kutoka mashambani, na saruji na mabati kutoka madukani. Mwenye pikapu huiangalia injini yake kwa makini, naye huibadilishia mafuta kwa wakati wake. Lakini shokomzoba zilizo chini ya gari husahauliwa mpaka siku zinapovuja au kukatika. Siku hiyo huenda katika maduka ya spea, kama yale ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, akakuta zimepangwa za kila rangi na kila bei, nyingi zikiwa zimetengenezwa na makampuni mengine, wala si kampuni iliyounda gari lake. Hapo ndipo wengi hupotea, kwa kuwa hawajui ni jambo gani la kuuliza.

Mazungumzo haya yana neno moja kubwa, nalo ni hili: shokomzoba huchaguliwa kwa kuutazama mzigo wa gari na njia ipitayo, si kwa rangi wala kwa maneno matamu ya muuzaji.

Kazi ya shokomzoba

Kwanza yapasa ieleweke kwamba shokomzoba haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na springi. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, springi hujikunja na kuiweka ile nguvu ndani yake. Kisha huirudisha, na gari likarushwa juu. Kama hapana kitu cha kuizuia nguvu hiyo, gari litaendelea kupanda na kushuka kama mashua katika mawimbi. Shokomzoba ndiyo inayoizuia. Ndani yake mna pistoni itembeayo katika mafuta, na mafuta hayo hulazimishwa kupita katika matundu madogo. Hivyo nguvu ya mrusho hugeuka kuwa joto, na joto hilo huchukuliwa na upepo.

Jambo hili si la raha ya abiria tu. Breki na usukani havina kazi ila tairi linaposhika ardhi. Tairi lirukalo halishiki, na dereva akanyagapo breki gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama. Katika hatua hizo chache huenda akawapo mtoto avukaye njia kwenda shule.

Makosa mawili ya kawaida

Kosa la kwanza ni la mtu ambaye gari lake limelala nyuma kwa wingi wa mzigo, naye akaenda kununua shokomzoba ngumu ili liinuke. Halitainuka. Pikapu nyingi, kama vile Toyota Hilux na Isuzu D-Max, zimeundwa zibebe mzigo wa karibu tani moja. Mwenye kuzidisha juu ya kipimo cha kiwanda huzichosha springi, na dawa yake ni kupunguza mzigo au kumwita fundi azitazame springi zenyewe. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini gari halina kinywa cha kulalamika, na malalamiko yake huonekana siku ya ajali.

Kosa la pili ni kudhani kwamba shokomzoba ikiwa ngumu zaidi ndiyo bora zaidi. Yule mkulima wa Kinangop ashukaye na mzigo kila siku yambidi awe na shokomzoba zenye nguvu, kwa maana springi iliyolemewa hurudi kwa kishindo. Lakini fundi wa visima atokaye Marsabit kwenda North Horr na sanduku la vyombo tu, akifunga za namna ile, atajuta. Juu ya mawimbi ya barabara ya changarawe, shokomzoba ngumu mno hazitaliacha gurudumu lifuate ardhi. Sehemu ya nyuma isiyo na mzigo itarukaruka, na katika kona gari litateleza upande. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani mwenye gari na ajiulize: katika safari kumi, ni ngapi gari limejaa, na ni ngapi li tupu?

Aina zilizoko

Aina iliyoenea ni ile yenye mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Bei yake ni nafuu, na jiwe likiupiga mrija wa nje na kuubonyeza kidogo, pistoni huweza kuendelea na kazi, kwa kuwa iko katika mrija wa ndani. Udhaifu wake ni joto. Katika mwendo mrefu juu ya njia mbaya, mafuta huchanganyika na hewa yakatoa povu, na povu halina nguvu ya kuzuia. Kwa sababu hiyo nyingi hutiwa gesi ya naitrojeni ya nguvu ndogo ili kupunguza povu.

Aina ya pili ina mrija mmoja tu, na gesi ya nguvu nyingi iliyotengwa na mafuta kwa pistoni nyingine. Aliyeibuni mwaka 1953 ni Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na mwaka 1957 kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz. Aina hii hupoa upesi, kwa kuwa mafuta yake yanagusana na ukuta upigwao na upepo. Lakini pistoni yake hutembea juu ya ukuta huo huo. Jiwe likiubonyeza, pistoni hukwama na shokomzoba imekwisha. Apitaye penye mawe mengi hana budi kuikinga.

Basi kwa gari la lami na changarawe chache, yenye mirija miwili na gesi yatosha. Kwa safari ndefu za mawimbi ya barabara, ama ile ya mrija mmoja iliyokingwa, ama ile ya mirija miwili iliyo nene na yenye mafuta mengi, ndiyo ifaayo.

Urefu na ukaguzi

Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu halifai kufungiwa shokomzoba za urefu wa zamani. Gurudumu linaposhuka shimoni zitavutika hadi mwisho na kukatika. Vilevile zilizo ndefu mno hugonga mwisho gari linapojaa. Namba ya spea na ilingane na aina ya gari, mwaka wake, na kama linaendeshwa kwa magurudumu mawili au manne.

Dukani, zitazamwe kwa macho mawili. Ziko kuukuu zilizopakwa rangi zikauzwa kama mpya, na ziko za bandia zenye jina la kampuni mashuhuri, ijapokuwa Kenya ina sheria ya kuzuia bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Mnunuzi na aisimamishe shokomzoba wima, aisukume na kuivuta mara nne au tano. Baada ya hapo yapasa iende kwa uzito ulio sawa, bila mahali palipo patupu. Yenye gesi, ikiachwa, huinuka yenyewe. Risiti iandikwe namba ya spea.

Kufunga na kutunza

Shokomzoba hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia za ekseli moja, maana moja mpya na moja kuukuu hulivuta gari upande. Mahali ambapo springi ya mviringo imefungwa pamoja na shokomzoba, kama ilivyo mbele ya pikapu nyingi za siku hizi, asiifungue mtu asiye na chombo cha kuibana springi, kwani ikifyatuka yaweza kuua.

Dalili za kuchoka ni mafuta yanayovuja, tairi linaloliwa kwa mabaka, na pua ya gari kuinama sana breki zikikanyagwa. Kulisukuma gari kwa mkono hakutoshi, kwa kuwa springi za nyuma za pikapu ni ngumu na huficha ugonjwa. Mafundi wana njia nyingine: baada ya mwendo wa njia mbaya huzikaribia zote nne kwa mkono, kwa uangalifu wasiungue. Iliyo baridi kati ya wenzake waliopata moto haikufanya kazi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gharama ya shokomzoba mbili zilizochaguliwa kwa akili ni ndogo kuliko ya tairi zilizoharibika, ndogo kuliko ya shehena iliyomwagika bondeni, wala haiwezi kulinganishwa kamwe na uhai wa mtu mmoja.