Deni la Siri Ndani ya Nyumba



Mada niliyopewa ni mahusiano bora ya familia na afya ya kila mmoja ndani yake. Ni pana mno. Nitabaki na kipande kimoja ambacho semina zetu hukipita mbio: deni ambalo mmoja anamficha mwenzake. Kwenye kicheni pati bibi harusi hufundwa mapishi, unyumba na namna ya kuishi na wakwe. Wa kumuuliza kama bwana wake anadaiwa hayupo. Na bwana harusi hata kufundwa kwenyewe ni nadra.

Nazungumzia hasa mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu. Tuchukue mfano. Mama mwenye genge anakopa shilingi 200,000 na anatakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 260,000. Riba hiyo inauma, lakini kinachommaliza ni ile "kila siku". Mvua ikinyesha wateja hawaji, nyanya zinaoza, na rejesho linatoka kwenye mtaji. Mtaji ukikata anakopa kwingine ili alipe huku. Mara nyingi alianza kukopa kwa sababu pesa ya matumizi inayoachwa mezani asubuhi haitoshi, na kuomba nyongeza kunazua ugomvi. Dhamana aliyoandikisha ni friji, televisheni na makochi. Siku wadai wanapogonga mlango, mume anapata habari mbili kwa pamoja: kwamba nyumba inadaiwa, na kwamba yeye amefichwa. Nionavyo mimi, hii ya pili ndiyo huvunja ndoa.

Wanaume msicheke. Wapo wanaokatwa mshahara kila mwezi kwa mkopo ambao mke hajawahi kuusikia. Pengine ulikwenda kwenye mchango wa msiba au ada ya mdogo wake, mambo ya heshima kabisa, yakafichwa kwa kukwepa maswali.

Kabla wadai hawajafika, mwili huwa umeshaanza kulipa. Anayeficha deni halali vizuri, hushtuka simu ikiita, huwafokea watoto kwa kumwaga chai. Mwenzake huona dharau, pengine akahisi kuna mtu wa nje. Hapo wanagombana usiku kucha juu ya jambo ambalo halipo.

Wapo wanaoficha wakisema hesabu za nyumba ni za mmoja tu. Lakini Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kupata mali ya ndoa. Kwa hiyo kauli ya "wewe huleti kitu, hesabu hazikuhusu" haina mguu wa kusimamia.

Ushauri wangu ni kukaa pamoja mara moja kwa mwezi, watoto wakishalala, na kuanza na madeni kabla ya mapato. Mapato yakitangulia, kila mtu huanza kudai fungu lake. Kila mmoja ataje anadaiwa na nani, kiasi gani, na kwa dhamana ipi. Atakayesikia asihukumu usiku huo.

Ila pale ambapo kuna kipigo, kikao hiki hakifai. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo hakimpi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mwenye hofu hiyo aanzie Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii.

Ninyi viongozi wa dini, makungwi na wasimamizi wa ndoa mlio hapa, nawaomba muingize swali la madeni katika mafundisho yenu kabla ya ndoa, na muwaulize wote wawili wakiwa wamekaa pamoja.