Treni Isiyo na Mbele Wala Nyuma

Hotuba iliyosomwa Matrah katika sherehe ya Sikukuu ya Jamhuri

 

Kamati imetuomba tuzungumze habari ya nyumbani. Sisi si wanasiasa. Sisi ni ndugu watatu, watoto wa mfanyakazi wa reli wa Mombasa, tuliokuja hapa Matrah kwa nyakati mbalimbali kutafuta riziki. Mkubwa wetu ameketi pale mbele, na sisi wadogo wake wawili ndio tunaosema. Tutawasimulia habari ya kitu kidogo: kichwa cha treni cha mbao ambacho baba alituletea tukiwa watoto, kikapotea siku tulipohama nyumba za reli.

Mwaka jana kaka yetu alianza kusahau. Alisahau njia ya kutoka sokoni mpaka nyumbani, njia aliyoipita kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini kila jioni alituuliza swali lile lile: "Treni yetu iko wapi?"

Tukaona tumfurahishe. Tulikwenda kwa fundi seremala, tukamchorea treni kama zile za vitabu vya watoto: bomba la moshi mbele, chumba cha dereva nyuma, na behewa dogo la makaa likifuata. Kaka aliipokea, akaigeuzageuza, akairudisha mezani. "Hii siyo," akasema. "Yetu haikuwa na mbele wala nyuma."

Tulitazamana. Tulidhani ni ugonjwa unaosema. Hapo ndipo tulipokosa, na tunakiri mbele yenu. Tulimwambia, "Kaka, treni gani isiyo na mbele?" Akanyamaza, na kwa siku kadhaa hakuuliza tena. Kimya kile kilituumiza kuliko maswali.

Basi tukachukua karatasi, tukaandika kila mmoja anachokumbuka, bila kubishana. Mmoja wetu alikumbuka rangi: damu ya mzee. Mwingine alikumbuka magurudumu, kwa kuwa alijifunza kuhesabu kwayo: ukiitazama ubavuni, makubwa manne huku na makubwa manne kule, na madogo kando yake. Sote tulikumbuka kwamba nguo za kazi za baba zilinuka mafuta, wala hazikuwa na vumbi la makaa. Kaka naye alisema bomba la moshi lilikuwa karibu na katikati, na kila upande kulikuwa na tangi.

Tulimpelekea mpwa wetu aliye Nairobi maneno hayo yote. Akaenda Makumbusho ya Reli, akatutumia picha kwa simu. Kaka alipoiona ya kwanza, aliweka kidole juu ya tangi la mbele, kisha juu ya tangi la nyuma. "Ndiyo hii," akasema.

Watoto wetu, wengi wenu mmezaliwa hapa Oman na hamjapata kupanda treni, basi tuwaeleze. Kichwa cha namna hii huitwa Garratt, kwa jina la Mwingereza aliyekibuni, Herbert William Garratt. Boila yake imewekwa katikati, na imebebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa na mashine yake. Kwenye kona kila seti hujipinda peke yake, na uzito wote hugawanyika juu ya magurudumu mengi, reli isiumie. Kwa njia inayoanza baharini Mombasa na kupanda zaidi ya mita 1,600 hadi Nairobi, kichwa cha namna hiyo kilifaa sana. Na kiliweza kwenda upande wowote. Kaka yetu alikuwa amesema kweli.

Lakini ilikuwa Garratt ipi? Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilikuwa na madaraja kadhaa, na mawili, la 59 na la 60, kwa macho ya mtoto yanafanana: magurudumu yamepangwa vilevile. Tofauti moja kubwa ni majina. Vichwa vya daraja la 60 vilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru majina hayo yaliondolewa. Vya daraja la 59 vilikuwa 34, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja zaidi ya tani 250, na vilipewa majina ya milima.

Tulipomsomea kaka habari hiyo, alicheka. Akatukumbusha kwamba baba alipotoka safari, mama alimwuliza, "Leo umekwenda na nani?" Naye akajibu, "Na mlima." Miaka yote hii tulidhani baba alikuwa akisema juu ya kupanda kwenda Nairobi. Kumbe alikuwa akitaja jina la kichwa cha treni.

Milima ile haikuwa ya nchi moja. Kulikuwa na Mlima Kenya, na Kilimanjaro, na Ruwenzori ya Uganda. Kile cha kwenye picha ni nambari 5918, Mount Gelai, mlima ulioko Tanzania. Shirika lenyewe lilivunjika mwaka 1977, na kufikia 1980 vichwa vya daraja la 59 vilikuwa vimeondolewa kazini.

Fundi wetu alitengeneza treni nyingine. Kaka aliisukuma juu ya meza hadi ukutani, kisha akairudisha bila kuigeuza. Hakupona. Njia ya sokoni bado tunampeleka kwa mkono. Lakini siku hizi akisema neno tusilolielewa, hatumrekebishi. Tunaliandika.

Vijana, hilo ndilo ombi letu kwenu. Mzee akikwambia jambo lisiloingia akilini, usimkatize. Usimwulize tu jina la kitu, huenda limemtoka. Mwulize kilikuwa na rangi gani, kilinuka nini, kilikuwa na magurudumu mangapi. Uandike tarehe ya siku hiyo, na uhifadhi karatasi.

Treni iko pale mezani, karibu na kaka. Watoto, mkimaliza kula njooni mhesabu magurudumu. Ubavu mmoja una 14. Mwombeni ruhusa kwanza, ni yake.