Kitenzi kimoja, mtu mwingine
Maneno tuliyosema Munigi mbele ya wanamemba na wafadhili



Siye tulipitaka Tapachula, kule Meksiko, bila kujua Kihispania. Ile lugha inafanana na yetu kidogo: sisi tunasema "tunarudi", wao "volvemos". Neno moja, na mtu yuko ndani. Ila kwetu mtu anakaa mbele ya kitenzi. Kwao anakaa nyuma, na mkazo wa sauti unamubadilisha. "Firmo" ni "ninasaini". "Firmó" ni "alisaini". Mwenzetu alitaka kusema mwingine alisaini, akatamka "firmo". Karatasi ikahesabiwa yake.

Ndiyo maana tunafundisha vijana. Hatuwaambii waende. Lakini mwenye kuenda, asisaini asichoelewa. Wafadhili wetu, madaftari yameisha.