Gari la Demo na Daftari Lake: Marupurupu ya Gari kwa Wauzaji wa Magari

Mada kwa semina ya mameneja wa mauzo, maofisa wa rasilimali watu na wauzaji wa magari, Mombasa

1. Utangulizi



Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye shorumu, mama mmoja alikuja kutazama gari dogo la saluni. Hakufungua boneti wala hakuuliza injini ina sisi ngapi. Aliingia, akafunga mlango, akaniuliza: “Mwanangu, hii AC, nikikwama foleni ya feri Likoni saa nane mchana, itapoza au itanipulizia joto?”

Kijitabu cha gari lile nilikuwa nimekikariri chote, na jibu la swali hilo halikuwamo. Nikasema, “Itapoza, mama.” Akanitazama usoni, akacheka. “Wewe umewahi kukaa nayo foleni?” Sikuwahi. Aliondoka bila kununua.

Wiki iliyofuata meneja wangu alinikabidhi funguo za gari lile niwe narudi nalo nyumbani. Nilikuwa nikiishi Likoni. Siku tatu zilinitosha kujua kwamba AC yake inapoza vizuri gari likitembea, ila likisimama muda mrefu inalegea mpaka uguse mafuta kidogo. Tangu hapo mteja akiniuliza nilimwambia hivyo hivyo. Wengi walinunua, kwa sababu walijua naongea kitu nilichokiona.

Hiyo ndiyo faida ya gari la kampuni kwa muuzaji wa magari, na ndiyo inayomtenga na mhasibu au daktari aliyepewa gari na mwajiri wake. Kwa wale gari ni starehe iliyoongezwa juu ya kazi. Kwetu sisi gari ni starehe na ni kazi kwa wakati mmoja. Ugumu wote wa mada hii unatoka hapo: hakuna anayejua kwa hakika starehe inaishia wapi na kazi inaanzia wapi, na asiyeandika hawezi kuthibitisha. Hoja yangu ni moja: rupurupu la gari lisiloandikwa humgeukia muuzaji likawa deni.

2. Magari manne, funguo za aina moja

Kwenye kazi yetu maneno “gari la kampuni” hufunika mambo manne tofauti.

La kwanza ni gari la demo. Limetengwa ili wateja walijaribu barabarani, na jioni muuzaji huondoka nalo. Siku moja litauzwa kwa bei iliyopungua, na kila kilometa iliyoongezeka inaipunguza zaidi.

La pili ni gari la cheo. Hili hupewa meneja wa mauzo au wa tawi, mara nyingi pamoja na kadi ya mafuta. Analitumia mwaka mzima, Jumapili akalipeleka kanisani au Ijumaa msikitini, na hakuna anayeuliza.

La tatu ni gari la stoo. Kwenye yadi za magari yaliyotumika, ambayo kwa kanuni za Kenya huingia nchini yakiwa na umri usiozidi miaka minane, hakuna demo. Bidhaa yenyewe ndiyo gari la kurudi nalo nyumbani. Likiwa bado halijasajiliwa hutembea kwa namba za wafanyabiashara, zile za KD, na namba hizo hutolewa kwa shughuli za biashara. Harusi ya binamu Kilifi haimo.

La nne ni gari la mteja, yule aliyeliacha yadi ili auziwe. Hili nalitaja kwa sababu wote tuliomo humu tunajua huendeshwa. Ijumaa jioni linatoka, Jumatatu asubuhi linarudi limeoshwa. Mwenyewe akija anakuta kipimo cha kilometa kimesogea na tangi ni tupu. Hilo si rupurupu. Kampuni haiwezi kugawa kisicho chake, na muuzaji anayelichukua amevunja amana.

Tunaona basi kwamba funguo zinafanana lakini haki zinazokuja nazo hazifanani. Kampuni nyingi humaliza jambo hili kwa maneno ya mdomo: “Wewe chukua tu, utalirudisha kesho.”

3. Mgeni asiyealikwa: kodi

Wauzaji wengi huona gari kama zawadi, kumbe Mamlaka ya Mapato huliona kama mshahara. Viwango nitakavyovitaja ni vya mwaka 2025.

Nchini Kenya, kifungu cha 5(2B) cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kinasema mfanyakazi akipewa gari, thamani ya faida hiyo kwa mwezi ni asilimia 2 ya gharama ya awali aliyoingia mwajiri kulinunua, au kiwango kilichowekwa na Kamishna wa Mamlaka hiyo, kile kilicho kikubwa zaidi. Likiwa gari la kukodi, huangaliwa gharama ya kukodi.

Tufanye hesabu. Muuzaji ana mshahara wa msingi wa shilingi 70,000. Amepewa gari lililomgharimu mwajiri shilingi 3,500,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 70,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kwenye vitabu vya kodi mshahara wake umekuwa maradufu, 140,000, ingawa mfukoni haijaingia hata senti moja zaidi. Nyongeza yote hiyo inaangukia ngazi ya asilimia 30, na kodi yake ni shilingi 21,000 kila mwezi. Mwezi ambao hajauza gari, na kamisheni haipo, shilingi 21,000 ni kodi ya nyumba.

Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango. Ikiwa matumizi ya mfanyakazi yana mipaka, naye akatoa ushahidi unaomridhisha Kamishna, Kamishna anaweza kuweka kiwango cha chini kulingana na matumizi. Chukulia amekubali kwamba matumizi binafsi ni asilimia 30 tu, akashusha thamani kwa kadiri hiyo. Faida inayotozwa kodi inakuwa shilingi 21,000 badala ya 70,000, na kodi inakuwa 6,300 badala ya 21,000. Muuzaji ameokoa shilingi 14,700 kwa mwezi, ambazo ni 176,400 kwa mwaka.

Kitakachomridhisha Kamishna ni karatasi: gari lilitoka saa ngapi, lilikwenda wapi, kwa mteja gani, likarudi na kilometa ngapi. Kauli ya “kila mtu ofisini anajua” haina mahali pa kubandikwa kwenye faili.

Upande wa pili wa mpaka wa Lungalunga hesabu ni nyingine kabisa. Tanzania, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, haiangalii bei ya gari. Inaangalia ukubwa wa injini na umri. Gari lenye injini inayozidi sisi 1000 lakini isiyozidi 2000, lenye umri wa chini ya miaka mitano, huhesabiwa kuwa faida ya shilingi za Tanzania 500,000 kwa mwaka. Likivuka miaka mitano, ni 250,000. Kwa mtu aliye kwenye ngazi ya juu ya asilimia 30, gari hilo jipya linamgharimu kodi ya shilingi 150,000 kwa mwaka, yaani 12,500 kwa mwezi, fedha ambazo hazifiki shilingi elfu moja za Kenya. Tena kama mwajiri hadai punguzo lolote la kodi kwa ajili ya umiliki, matengenezo au uendeshaji wa gari, faida hiyo haihesabiwi kabisa.

Kwa hiyo muuzaji wa Tanga na wa Mombasa, wanaoendesha gari la aina moja na kuuza kwa lugha moja, wamepewa marupurupu mawili tofauti. Kampuni zenye matawi pande zote mbili zisinakili mkataba wa upande mmoja zikaupeleka mwingine.

4. Likikwaruzwa

Narudi kwenye gari langu la Likoni. Usiku mmoja wa mvua nililiegesha chini ya mwembe, asubuhi nikakuta tawi limelala juu ya mlango wa kushoto. Mkwaruzo ulikuwa wa urefu wa mkono. Mwajiri wangu wa wakati huo hakupiga kelele. Mwisho wa mwezi niliona tu kwamba mshahara umepungua. Nilipouliza nikaambiwa ni ile eksesi, yaani sehemu ya kwanza ya hasara ambayo kampuni ya bima hailipi. Hakuna nilichokuwa nimetia saini, nami sikujua pa kuanzia kubisha.

Leo ningejua. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea, pale uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Tawi la mwembe halikuwa kusudi langu. Kifungu hicho hicho kinasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Na kifungu cha 10 kinamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi malipo ya mfanyakazi pamoja na maelezo ya marupurupu mengine anayopata. Gari limo humo.

Bima nayo iulizwe mapema. Bima ya lazima kwa mujibu wa Sura ya 405 inawalinda watu wengine barabarani, haitengenezi mlango wa gari lako. Hata ukiwa na bima kubwa, soma imemtaja nani kuwa dereva na kwa shughuli ipi. Gari lililokatiwa bima ya biashara ya magari, likagongwa saa nne usiku likiwa na shemeji kwenye usukani, limo hatarini kutolipwa, na lawama itamwangukia aliyepewa funguo.

5. Wenzetu walivyoliamua

Marekani wana kipengele kinachowataja wauzaji wa magari peke yao. Kifungu cha 132 cha sheria yao ya kodi ya mapato kinaondoa kodi kwenye matumizi ya gari la demo, kwa masharti. Muuzaji awe wa kazi hiyo hasa: afanye kazi kwa saa zisizopungua 1,000 kwa mwaka, na angalau asilimia 25 ya kipato anacholipwa na mwajiri wake itokane na mauzo. Gari litumike ndani ya eneo la mauzo, ambalo ni maili 75 kuzunguka ofisi, au umbali wa kwenda nyumbani kwake kama ni mrefu zaidi. Lisiendeshwe na mke, mume wala mtoto. Lisiende likizo. Lisihifadhi vitu binafsi. Kilometa za nje ya saa za kazi ziwekewe kikomo. Ukiyaangalia masharti hayo, utaona sheria inakubali kwamba muuzaji anayerudi nyumbani na demo bado yuko kazini, mradi asiligeuze gari la familia.

Uingereza hawakumsamehe muuzaji. Huchukua bei ya orodha ya gari na kuizidisha kwa asilimia inayopanda kadiri moshi unavyozidi. Gari la umeme tupu lilitozwa asilimia 2 hadi Aprili 2025, kisha ikawa 3. Ila kwa watu wa shorumu wanaobadilisha magari kila mara, wamekubali yapigwe wastani, badala ya kuhesabu kila gari na siku zake.

Sipendekezi tunakili yeyote. Ninachokiona ni kwamba nchi hizo zote mbili zimemtambua muuzaji wa magari kuwa mtu wa aina yake. Kwetu yeye na mkurugenzi wa benki wanahesabiwa kwa kipimo kimoja.

6. Mapendekezo

(a) Kila gari linalolala nje ya yadi liwe na daftari: tarehe, kilometa za kutoka na za kurudi, safari ilikokwenda, sababu, saini mbili.

(b) Mkataba useme ni gari la aina gani kati ya yale manne, nani anaruhusiwa kuliendesha, mafuta ni ya nani, na eksesi inabebwa na nani ajali ikitokea pasipo kusudi.

(c) Gari la mteja lisitoke isipokuwa kwa mnunuzi anayelijaribu, na mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi.

(d) Gari lisiwe fimbo. Nimeona muuzaji akinyang'anywa funguo Jumatatu kwa sababu mwezi uliopita hakufikisha lengo, ilhali watoto wake walikuwa wakienda shule na gari hilo. Kama rupurupu linafungwa kwenye mauzo, mtu apewe taarifa ya mwezi mmoja.

(e) Muuzaji apewe nafasi ya kuchagua posho ya usafiri badala ya gari. Posho hutozwa kodi, lakini hutozwa kwa kile alichokipokea mkononi. Kijana mwenye mshahara mdogo, akionyeshwa hesabu ya 21,000 niliyoifanya hapa, huenda akapanda matatu kwa furaha.

(f) Chama chetu cha biashara kipeleke ombi Hazina ya Taifa ili muuzaji wa kudumu anayetumia demo kwa mipaka maalumu awekewe utaratibu wake, asiwe anaomba huruma ya Kamishna mmoja mmoja.

7. Hitimisho

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu inayopotea ni mali ya watu wawili: thamani ya gari la mwajiri na mshahara wa muuzaji. Ombi la (f) litachukua muda, pengine miaka. Pendekezo la (a) halihitaji Bunge wala Kamishna. Mameneja, Jumatatu asubuhi, kabla hamjamkabidhi yeyote funguo, nunueni daftari. Nanyi wauzaji wenzangu, asiyepewa daftari aanze lake mwenyewe.