Mchezaji afungwe kamba, tajiri aachwe huru?

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana wa maskani. Tunayachapa ili nawe msomaji uyapime mwenyewe.)



Najua Jumamosi jioni mnakuwa wapi. Mko kwenye banda la video, mmebanana bega kwa bega, mnabishania Arsenal na Manchester mpaka sauti zinakauka. Si vibaya. Lakini leo nataka niwatoe huko kwenye taa kali, niwateremshe daraja la tatu na la nne la Uingereza, kule wanakokuita wenyewe League One na League Two. Huko kamera ni chache, ila wafanyakazi wapo. Ndiyo, nasema wafanyakazi! Mchezaji ni mfanyakazi kama wewe kuli wa bandarini na wewe utingo wa daladala. Anauza nguvu zake, na nguvu zenyewe akifika miaka 35 zimekwisha.

Sasa sikilizeni. Tarehe 7 Agosti 2020, corona imefunga viwanja na mapato ya mlangoni hakuna, viongozi wa klabu walipiga kura. League Two, 22 walikubali na 2 wakakataa. League One, 16 walikubali na 7 wakapinga. Kilichopitishwa ni ukomo wa mishahara. Klabu ya League One isizidishe pauni milioni 2.5 kwa mwaka kwa kikosi kizima, na ya League Two isizidishe milioni 1.5. Humo humo mna mshahara, kodi, bonasi na ada ya wakala. Vijana wa miaka 21 kurudi chini hawakuhesabiwa.

Pigeni hesabu. Milioni 1.5 ukiigawa kwa wachezaji 20, kila mmoja ana pauni 75,000, kabla kodi na wakala hawajachukua chao. Utasema hizo ni fedha nyingi. Kwa bei za kwetu ni nyingi, lakini mwenzio analipa kodi ya nyumba kwa bei za kule, na mguu ukivunjika ndiyo basi tena. Halafu Sunderland yenye uwanja wa watu 49,000 ikawekewa ukomo ule ule wa Accrington Stanley yenye uwanja wa watu kama 5,000. Hiyo ni haki gani?

Tuwe wakweli, ndugu zangu. Waliopiga kura hawakuota ndoto tu. Walikuwa wameona msiba. Bury ilikuwa kwenye ligi tangu mwaka 1894, na ilitwaa Kombe la FA mwaka 1900 na 1903. Desemba 2018 klabu hiyo iliuzwa kwa pauni moja. Pauni moja! Msimu huo huo wachezaji waliipandisha daraja huku mishahara yao haijalipwa. Zawadi yao ikawa nini? Tarehe 27 Agosti 2019 Bury ilifukuzwa kwenye ligi kabla haijacheza hata mechi moja ya League One. Mji mzima ulibaki yatima.

Nawauliza nyinyi, ni nani aliyeiua Bury? Ni beki wa kulia? Ni kipa? Aliyenunua na kuuza ni tajiri. Aliyesaini mikataba asiyoweza kuilipa ni tajiri. Na siku ya kutafuta dawa, aliyeambiwa afunge mkanda ni nani? Mchezaji! Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wala msidhani kabla ya hapo hapakuwa na kanuni. Ilikuwepo. Klabu ya League One ilitakiwa isitumie zaidi ya asilimia 60 ya mapato yake kwa mishahara. Lakini fedha ambazo tajiri anamimina kutoka mfukoni kwake zilihesabiwa kuwa mapato! Basi leo akijisikia anamwaga, klabu inaajiri kwa fujo, na kanuni inasema safi. Kesho akichoka anaondoka, na mikataba inabaki inadai. Hicho ni kiini macho.

Na Macclesfield je? Ilikatwa pointi kwa kutolipa mishahara, ikashuka daraja, na Septemba 2020 mahakama ikaamuru klabu ivunjwe kwa madeni. Ukomo wa milioni 1.5 ungeisaidia nini klabu ambayo hata kile kidogo ilichoahidi haikukilipa? Ukomo unapima kilichoandikwa kwenye mkataba. Haukuulizi kama tarehe 30 fedha zitaonekana.

Wachezaji wenyewe hawakukaa kimya. Chama chao, PFA, kilipeleka shauri kwenye jopo la usuluhishi. Hoja yao ilikuwa nyepesi. Ipo kamati ambayo waajiri na wachezaji hukaa pamoja kuzungumza mambo ya namna hii, na safari hii waajiri waliiruka. Jopo likakubali. Tarehe 9 Februari 2021 ukomo ule ukafutwa, hata msimu mmoja haujaisha.

Na chama hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1901 wakubwa wa soka waliweka mshahara wa juu kabisa, pauni 4 kwa wiki. Klabu zikaanza kulipa kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1906 Manchester City ilibambwa, na wachezaji 17 wakafungiwa. Mmoja wao, Billy Meredith, alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wachezaji mjini Manchester, Desemba 1907. Ukomo ule uliishi miaka 60. Ulipofika pauni 20, Januari 1961, wachezaji wakiongozwa na Jimmy Hill walitishia kugoma, na ukaanguka.

Sisemi klabu zitumie ovyo. Asiyejua kipato chake ataaibika siku ya kulipa. Ninachosema ni kwamba kamba ianzie shingoni mwa mwenye mali. Kabla hajanunua, aonyeshe fedha zake. Anachoahidi, akiwekee dhamana. Mahesabu yawe wazi. Baada ya hapo kaeni mezani na wachezaji mzungumze ukomo, na nina hakika watawasikiliza.

Uingereza yenyewe imeanza kuelekea huko. Mwaka 2025 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, mwenye kutoa leseni kwa klabu na kuwachunguza wamiliki na fedha zao. Sheria hiyo haikuweka ukomo wa mishahara. Na Bury? Mashabiki waliungana, na mwaka 2023 timu ikarudi kucheza kwenye uwanja wake wa Gigg Lane, katika madaraja ya chini kabisa. Walioirudisha ni watu wa kawaida kama wewe.

Kwa hiyo kijana, iwe uwanjani, kiwandani au gereji, siku bosi atakapokuambia ufunge mkanda, muulize maswali matatu. Je, tulikaa pamoja tukakubaliana? Daftari la mahesabu liko wapi? Na wewe bosi, mkanda wako umeukaza tundu la ngapi?

Akikosa jibu, ujue umepigwa changa la macho.