Wimbo wa Lawino na Sisi Tuliosoma

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Same)



Nimeombwa niseme machache juu ya kitabu nilichokisoma hapa na ambacho sijakisahau. Huenda wengine walitazamia nitaje kitabu cha hesabu, kwa kuwa kazi yangu serikalini ni ya hesabu. Mimi nimechagua Wimbo wa Lawino, wa Okot p'Bitek.

Wengi wetu tulikisoma kidato cha tatu na cha nne, kwa Kiingereza, pamoja na jibu lake, Wimbo wa Ocol. Kisa chake mnakikumbuka. Lawino ni mwanamke wa Kiacholi, kaskazini ya Uganda, asiyesoma. Mumewe, Ocol, amefika chuo kikuu, ameingia siasa, na amempata mwanamke wa mjini aitwaye Clementine, ambaye Lawino humwita Tina. Tangu hapo hakuna cha Lawino kinachompendeza Ocol: si mapishi yake, si ngoma yake, si nywele zake, si wazazi wake. Basi Lawino anawageukia watu wa ukoo na kuwaeleza yote, katika wimbo wenye sehemu 13.

Mnakumbuka pia swali la mtihani. Jibu letu lilikuwa tayari kabla karatasi haijagawiwa: Lawino ni mila, Ocol ni usasa, na kisa chote ni mgongano wa hayo mawili. Tukaandika, tukapata alama, tukafunga daftari. Sisemi kwamba jibu lile lilikuwa la uongo. Ila lilituwezesha kumpita mwanamke anayelia bila kumtazama usoni.

Hapana budi nimtaje kidogo mtunzi mwenyewe. Okot alizaliwa Gulu mwaka 1931 na kufariki Kampala mwaka 1982. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya mpira ya Uganda, akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya mila na jamii Oxford. Alitunga Lawino kwanza kwa Kiacholi, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza ikachapwa Nairobi mwaka 1966. Tazameni ajabu hii: mtu huyu, kwa vyeti vyake, alikuwa Ocol mtupu. Lakini usomi wake wote aliutumia kumsikiliza mwanamke asiyejua kusoma saa, na kumpa kitabu kizima aseme. Ocol alipata kujibu mwaka 1970, na jibu lake lilikuwa fupi na la hasira.

Mwaka 1975 kitabu kilitoka kwa Kiswahili. Mfasiri alikuwa Paul Sozigwa, aliyepata kuwa mwandishi wa habari wa Rais, Mwalimu Nyerere. Nakala yake niliikuta kwa muuza vitabu vikuukuu Dar es Salaam, nikainunua kwa ajili ya kukumbuka shule tu. Nikaja nayo nyumbani huku milimani likizo moja ya Desemba, nikaisahau juu ya kabati.

Ndugu zangu, sasa naomba mnisikilize kwa uvumilivu, maana nataka kusema jambo ambalo si la kujivunia. Miaka ile mke wangu alikuwa akikaa huku juu na watoto na mama yangu, akilima na kupokea zamu ya maji ya ndiva, na mimi nikiwa kazini mjini. Yeye aliishia darasa la saba. Mjini nilikuwa na nyumba ndogo. Ninyi watu wazima mnaelewa maana yake. Nilipopanda likizo nilikuwa mtu wa makosa tu. Makande yaliyonikuza nikayaambia yananiumiza tumbo. Watoto wakizungumza Chasu nikawakemea, na lawama nikamtupia mama yao mbele ya mama yangu. Nilijiona nawatakia maendeleo.

Likizo iliyofuata nilikikuta kitabu kile kimechakaa. Alikuwa amekisoma chote, usiku, kwa taa. Hakugomba. Aliniwekea chakula, akakaa, akasema, "Baba watoto, huyu mama amesema yangu yote. Ila yeye alipata watu wa kumsikiliza."

Nilikuwa nimekijibia kitabu kile mtihani nikafaulu. Jioni ile sikuwa na jibu.

Nilirudi kukisoma upya, na safari hii nikaona niliyoyaruka. Lawino hadai talaka, wala hasemi Tina afukuzwe. Anakiri waziwazi kwamba wivu unamuuma. Na akimsema Tina humsema kwa ukali usio wa haki, kama aliyeumia asemavyo. Lakini anachokiomba kwa mumewe ni kidogo mno: asimtukane, asiwadharau wazazi wake, amtazame tena kama alivyomtazama alipokuja kumposa. Waacholi wana methali inayokataza kung'oa boga lililoota kwenye maskani ya zamani, na kitabu kizima kimesimama juu ya methali hiyo. Sisi Wapare tungeweza kusema ndiva. Wazee walichimba bwawa juu ya mashamba ili maji yakusanyike usiku, asubuhi yafunguliwe kwa zamu. Mtu akihamia mjini akanywa maji ya bomba, hapandi tena mlimani kuibomoa ndiva. Chini yake wapo wanaoitegemea.

Mtaniuliza nyumbani kwangu kukoje leo. Nyumba ya mjini niliiacha, na mke wangu na watoto tunakaa pamoja kituoni kwangu. Sitasema amenisamehe yote, kwa kuwa hajaniambia hivyo, na si haki yangu kumsemea. Nimemwomba ruhusa niyaseme haya kwenu. Alifikiri siku mbili, kisha akasema, "Yaseme, lakini usijifanye shujaa."

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa maombi mawili. La kwanza, tunapochangia maktaba ya shule, pamoja na vitabu vya sayansi tununue Lawino, na kwa Kiswahili pia ikiwa nakala zitapatikana, ili kijana akipeleke nyumbani na mama yake naye akisome. La pili ni kwa walimu wetu. Endeleeni kuuliza juu ya mila na usasa. Mtihani unadai hivyo. Lakini ongezeni swali moja dogo: Lawino anaomba nini? Vijana hawa nao watakuja kuwa na vyeti na mishahara, watapangiwa kazi mbali na milima hii, na nyuma yao atabaki mtu. Afadhali swali hilo walijibu hapa, wangali vijana, kuliko kulijibu kama nilivyolijibu mimi.